Ayub Ogada, Mwanaroki Aliyechagua Nyatiti

Ayub Ogada alipofariki nyumbani kwake Nyahera, pembezoni mwa Kisumu, mapema Februari 2019, wengi walimsifu kwa jambo moja: kwamba alituhifadhia nyatiti, kinubi cha Waluo. Mlinzi wa mila, wakasema, sauti ya wahenga, kiungo chetu na zamani. Maneno hayo yalitoka moyoni, na matanga si mahali pa kubishana. Ila sasa miaka imepita, na naona sifa hiyo inamdhulumu. Inamfanya aonekane mtu aliyepokea kitu mkononi mwa wazee akakikabidhi kama kilivyokuwa. Ayub hakufanya hivyo. Alikuwa kijana wa roki katika Nairobi ya miaka ya 1970 ambaye, akijua vizuri gitaa linaweza nini, aliamua kujaribu muziki ambao haukuwepo kwetu wala kwingine. Nyatiti ilikuwa uamuzi wake. Tusipomsikiliza kwa sikio hilo, sehemu kubwa ya kazi yake inatupita.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na jina lake wakati huo lilikuwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki Waluo walioishi mbali na Ziwa Viktoria, na yeye akiwa bado mdogo walikwenda naye Marekani, ambako walipeleka nyimbo za kwao mbele ya watu wasiojua neno hata moja la Dholuo, lugha ya Waluo. Malezi hayo yana uzito kuliko tunavyodhani. Mtoto wa Alego au Nyakach aliyekulia kijijini husikia nyatiti kwanza kwenye matanga ya jirani, kati ya vilio na moshi wa masufuria. Huyu wa Mombasa aliujua muziki wa Waluo tangu mwanzo kama kitu kinachopandishwa jukwaani, kinachopangwa, kinachofafanuliwa kwa mgeni. Hakuukuta umelala mlangoni pake. Ilimbidi autafute, na mtu anayetafuta huchagua.

Nairobi aliyoingia akiwa kijana ilikuwa na kelele nzuri. Bendi za Kongo zilikuwa zikijaza kumbi, benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ilikuwa inatoka Nyanza kwa kasi, na pembeni kulikuwa na vijana wachache waliopenda roki na soul, nywele ndefu, suruali pana chini, gitaa la umeme likikwaruza. Job Seda alikuwa miongoni mwao. Bendi yao iliitwa Black Savage, na mwaka 1976 EMI ilitoa albamu yao, Something for Someone, ambayo nyimbo zake nyingi zilikuwa za Kiingereza. Katikati ya nyimbo hizo ulikuwepo mmoja wa Dholuo, uliotungwa na James Mbarack Achieng pamoja na Job Seda. Unamtahadharisha Auma kwamba mvua inakuja, ng'ombe warudishwe boma. Uliitwa Kothbiro.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Wimbo ambao dunia nzima imeuchukulia kama sauti ya kale ya Ziwa Viktoria, wimbo ambao hata sisi huwa tunauita wa kiasili, ulizaliwa ndani ya bendi ya roki ya vijana wa Nairobi waliokuwa na mkataba na kampuni ya Uingereza. Una watungaji wawili wenye majina, na una mwaka. Hakuna bibi kizee aliyewafundisha chini ya mti. Vijana wa mjini walifikiria mvua, ng'ombe na boma, wakaandika wimbo. Maneno ni ya kijijini, ila kazi ya kuyachagua na kuyapangia sauti ilifanyika mjini, na watu waliokuwa wakisikiliza roki mchana na usiku.

Mwaka 1979 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Bendi hiyo ilikuwa chini ya African Heritage, jumba la sanaa la Nairobi lililoanzishwa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Pale ngoma na ala za makabila mbalimbali ziliwekwa jukwaa moja na gitaa, besi na drams. Leo mchanganyiko huo hauwashangazi watu. Wakati ule mpiga gitaa wa Nairobi aliyejiheshimu hakutaka kuonekana na ala iliyotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Katika miaka hiyo hiyo aliigiza filamu kwa jina lake la Job Seda, ikiwemo Out of Africa ya 1985. Hilo nalipita haraka, kwa kuwa kilichobaki katika historia ni chombo alichokuwa amekishika kufikia wakati huo.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji, jathum, hukaa kwenye kigoda kifupi kiasi kwamba magoti yanakaribia kifua, chombo kimelala ubavu mbele yake. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa chombo, na mguuni kuna njuga, gara. Mtu mmoja anakuwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma, mpiga njuga na mwimbaji kwa wakati mmoja. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile wanayotumia wavuvi wa Dunga. Na kazi yenyewe ni ngumu. Jathum akialikwa kwenye matanga anashindana na vilio, mifugo, watoto na walevi, usiku kucha. Anapiga kwa kasi, anapiga kwa nguvu, anaimba kwa sauti ya kukereza. Juu ya hayo kuna pakruok: msikilizaji anausimamisha wimbo, anatoa pesa, anajisifu yeye na ukoo wake na mashemeji zake, kisha wimbo unaendelea pale ulipokatwa. Wimbo wa matanga hauna urefu. Unaisha wenye pesa wakiishiwa maneno, au jua likichomoza.

Sasa chukua Kothbiro ya Ayub katika albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo. Dakika tano na ushei, basi. Husikii chuma kikitwanga mti kama kwenye matanga. Nyuzi chache zinarudia mzunguko mfupi, polepole, na kila noti inaachiwa nafasi ya kulia mpaka ikaribie kufa kabla ya inayofuata kuguswa. Sauti ya Ayub haikerezi. Iko karibu na mnong'ono, na sauti za kuitikia zimepangwa nyuma yake kwa tabaka. Hakuna anayeusimamisha wimbo ajisifu. Una mwanzo, una mwisho, una kimya ndani yake. Mzee aliyezoea nyatiti ya Ugenya akipewa rekodi hiyo anaweza kuuliza, na kwa haki, huyu anampigia nani?

Kwangu mimi ukubwa wa Ayub uko kwenye swali hilo. Aliondoa karibu kila kitu ambacho kilikuwa kazi ya nyatiti katika jamii: kuliwaza waombolezaji, kuchangisha pesa, kutaja koo, kuchezesha watu. Akabaki na mlio wa nyuzi wenyewe, akauuliza unaweza kusema nini ukiwa peke yako. Hayo ni majaribio hasa, na ni majaribio ya hatari. Angeweza kuishia na muziki usio na damu, wa kupigwa kwenye hoteli za watalii wakati wa chai. Uhai wa kile alichokitoa unatokana na sikio alilolinoa kwenye roki: kujua mzunguko mfupi ukirudiwa huanza kuvuta lini, kujua wakati wa kuingiza sauti ya pili, kujua kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya mpango.

Ukitaka kuona alivyokwenda kinyume cha wenzake, mweke karibu na benga. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyeimba akiwa Kenya hadi ajali ya barabarani ilipomuua Kisumu mwaka 2006, alikuwa katika kizazi kilichochukua vidole vya nyatiti na kuvihamishia kwenye gitaa la umeme. Sikiliza gitaa la kwanza la benga linavyodonoa noti moja moja kwa kasi, na besi inavyoruka badala ya kukaa. Ni jathum yule yule, ila amepewa vipaza sauti. Benga ilitoka kwenye nyatiti ikaenda kwenye gitaa. Ayub alitoka kwenye gitaa akaenda kwenye nyatiti. Njia ni ile ile, wamepishana. Benga iliiacha ala ikabaki na mwendo na shughuli yake, na Ayub akaishika ala huku akiviacha hivyo viwili. Ndiyo maana Misiani alikuwa mfalme katika kila kilabu kutoka Homa Bay hadi Busia, na Ayub angeweza kutembea Oginga Odinga Street mchana kweupe bila mtu kugeuza shingo.

Silaumu watu wa Kisumu kwa hilo. Muziki wake haukuwafaa kwa harusi wala kwa matanga, na haukuwa wa kucheza. Ninachokataa ni kulifunika pengo hilo sasa, baada ya kifo, kwa kumgeuza mzee wa mila ambaye hakuwahi kuwa.

Uingereza nao walimsikia kwa namna yao. Alikwenda huko mwaka 1986 na nyatiti yake, akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, watu wakipita na mikoba yao. Huko ndiko watu wa WOMAD, tamasha aliloasisi Peter Gabriel na wenzake, walikomwona, na mwaka 1988 akapanda jukwaani kwao. Mwaka mmoja kabla, 1987, wenye lebo ndogo za rekodi walikuwa wamekutana katika baa ya London wakakubaliana kwamba muziki wote usio wa Kimagharibi uuzwe chini ya jina moja, muziki wa dunia, kwa sababu wenye maduka hawakujua waziweke wapi rekodi hizo. Ilikuwa suluhisho la rafu za duka, na kwa wanamuziki wengi lilifungua milango. Real World, lebo ya Gabriel, ndiyo iliyotoa En Mana Kuoyo, na bila lebo hiyo huenda tusingekuwa na rekodi hiyo kabisa. Shukrani hiyo naitoa bila kinyongo.

Ila rafu ina sharti lake. Mnunuzi aliyesimama mbele yake alitaka Afrika isiyoguswa, na mtu aliyepiga roki na EMI mwaka 1976 hakuenea vizuri pale. Basi ile miaka ya Black Savage ikawa mstari mmoja kwenye wasifu, au haikutajwa. Job Seda akafifia, akabaki Ayub Ogada, mtu aliyetoka ziwani na kinubi chake. Sidhani alidanganya mtu. Jina Ayub ni Job yule yule kwa matamshi ya pwani alikozaliwa. Ni masikio ya wasikilizaji yaliyomkata historia yake nusu. Na sisi, badala ya kuirudisha ile nusu iliyokatwa, tulipokea picha hiyo kutoka ng'ambo tukaitundika ukutani kwetu.

Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa kwa sehemu kubwa hapa Kenya, ilimtumia kwa namna hiyo hiyo: Kothbiro inasikika, na mtazamaji anaelewa kwamba huu ni uchungu wa Afrika. Inafanya kazi, sikatai. Nimeona watu wasiojua Dholuo wakifuta machozi. Lakini ilimchukua mwanamuziki wa Marekani kutukumbusha ile nusu nyingine. Juni 2018 Kanye West alitoa albamu, na ndani yake wimbo Yikes umejengwa juu ya kipande cha Kothbiro. Si ile ya nyatiti. Ni ile ya Black Savage, ya 1976, yenye vumbi la studio ya Nairobi. Kwenye orodha ya watungaji wakawekwa James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kurekodiwa, roki ile ya Kenya ikapigwa kwenye redio za dunia nzima, na hapa nyumbani mjadala ukawa ni wimbo gani wa jadi aliouchukua Kanye.

Swali hilo lina gharama yake, kwa sababu sheria zetu zinatenganisha vitu viwili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtungaji, na ulinzi wake hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa Ayub hiyo inatufikisha mwisho wa 2069. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na usanii wa kitamaduni hulinda urithi wa jamii nzima, usio na mtungaji mmoja. Wimbo ukiitwa wa kiasili bila kufikiri, unahamishwa kimyakimya kutoka kundi la kwanza hadi la pili, na watoto wa mtungaji wanapoteza hoja mbele ya mtu yeyote anayetaka kuutumia bure. Ndiyo maana sioni kama ni ubishi wa maneno ninaposisitiza kwamba Kothbiro ni utunzi wa watu wawili. Kumuita Ayub sauti ya wahenga ni kumpa sifa kwa mkono mmoja na kuchukua mirabaha yake kwa mwingine.

Wanaoumia zaidi na fikra hii ni walio hai. Nimewahi kukaa katika ukumbi wa tamasha la muziki la shule, sehemu ya ala za kiasili. Msichana wa kidato cha tatu alipanda na nyatiti yake, akapiga kitu kizuri ajabu: mkono wa kushoto ulishika mzunguko mmoja bila kuyumba, wa kulia ukawa unaingia na kutoka, na katikati akanyamaza kwa pumzi mbili nzima kabla ya kurudi. Ukumbi ulitulia. Mwamuzi akamwambia kwamba si ya asili, kwamba nyatiti haipigwi hivyo, na kwamba mavazi hayakukamilika. Binti alishuka ameinamisha kichwa. Nilitamani kumwambia kwamba kwa vigezo hivyo Ayub Ogada naye angerudi nyumbani bila cheti.

Na hiyo asili inayolindwa haijawahi kusimama mahali pamoja. Mwanamke kugusa nyatiti kulikuwa mwiko. Leo Suzanna Owiyo wa Nyakach, mjukuu wa mpiga nyatiti, ni miongoni mwa majina makubwa ya ala hiyo. Anyango, mwanamke Mjapani, alifunzwa nyatiti na mzee wa Siaya aliyeamua kwamba mwiko umefika mwisho wake. Huo uamuzi wa mzee ulikuwa majaribio pia. Njoo kwenye ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo: Tony Nyadundo na wenzake waliiongezea ngoma kinanda cha umeme, na hakuna kijana wa Kondele aliyeuliza kama ni halali. Walicheza hadi asubuhi. Ohangla iliachwa huru kwa sababu ilikuwa inaingiza pesa kwenye vilabu, ikabaki hai. Nyatiti na vinubi wenzake, litungu ya Bungoma na obokano ya Kisii, zimekabidhiwa zaidi majukwaa ya maonyesho na sherehe za kitaifa, mahali ambapo mpigaji hupewa dakika chache kabla ya hotuba, na akitoka nje ya anachotarajiwa kupiga hapati mwaliko tena.

Ayub alirudi Kenya mwaka 2007, akakaa Nyahera, kwenye miinuko inayotazama jiji na ziwa. Hakuwa amestaafu. Mwaka 2015 ilitoka Kodhi, kazi aliyofanya na Mwingereza Trevor Warren, mpiga gitaa. Alikuwa na miaka karibu sitini, angeweza kula matunda ya Kothbiro akiwa amekaa kivulini, naye bado anaweka nyatiti ubavuni mwa gitaa kuona nini kitatokea. Kwangu huo ni mwendelezo wa moja kwa moja wa Black Savage. Mtu yule yule, swali lile lile, ameketi upande wa pili wa meza. Si kila kitu ndani ya Kodhi kinafika. Ziko nyimbo ambapo gitaa linakuwa na adabu kupita kiasi na nyatiti inasubiri kusukumwa. Ila napendelea jaribio hilo lenye mapengo kuliko marudio safi ya albamu ya 1993, na inanisikitisha kwamba hapa Kisumu watu walioisikiliza ni wachache sana.

Kuna mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri bajeti ya kaunti wala kamati. Waamuzi wa tamasha za shule wanaweza kuongeza kipengele ambacho mwanafunzi anapiga ala ya kwao atakavyo, na utunzi wake mwenyewe, akiwa na mavazi ya shule. Walimu wanaweza kuwapigia wanafunzi Kothbiro zote mbili, ya 1976 kwanza kisha ya 1993, mmoja baada ya mwingine, bila maelezo yoyote katikati. Na watangazaji wa redio zetu za Kisumu, ambao huupiga wimbo huu kila mvua za masika zinapoanza na kuutambulisha kama wimbo wa kitamaduni wa Waluo, wanaweza kuanza kesho asubuhi kutaja waliouandika: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada.